Lulu za Mkasi wa Dhahabu

Jumatatu, 3 Juni

Mashati manne ya kushona leo. Nimeshona nusu ya moja. Sababu ninayo.

Mwenyekiti wa Jukwaa ameandika. (Kwa manufaa ya vizazi vitakavyoisoma shajara hii: Jukwaa letu ni la mafundi cherehani, liko simuni, wanachama elfu tatu na ushee. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa ushonaji, ndiye aliyelianzisha. Mimi humo naitwa Mkasi wa Dhahabu. Jina hilo nilijipa mwenyewe, baada ya kusubiri kwa muda wa kutosha wengine wanipe.)

Anasema amechoka. Jukwaa lina Ghala, mahali yanapohifadhiwa maandiko yote ya zamani, na humo mna maandiko elfu tisa ambayo hakuna anayeyagusa. Kila siku mtu anauliza kwa nini uzi wake unakatika, na kila siku anajibiwa upya, utadhani cherehani zimeletwa duniani jana. Yeye hawezi kuendelea kulinda nyumba isiyo na wapangaji. Yaliyopita si ndwele, ameandika, tugange yajayo. Jumapili saa sita mchana anafuta Ghala lote.

Isipokuwa! Isipokuwa kabla ya saa hiyo wanachama mia moja wawe wamesoma andiko la zamani na kubonyeza Asante. Hapo Ghala litabaki. Na atakayefanya kazi kubwa kulifufua atateuliwa Mtunza Ghala, na kuwekewa nyota kando ya jina lake.

Nyota. Nikaacha kukanyaga cherehani.

Kuna jambo zito zaidi ya nyota. Ndani ya Ghala limo andiko langu la miaka tisa iliyopita, “Kola Isiyoshindwa”. Lilipata shukrani mia mbili na kumi na mbili. Sijawahi kushukuriwa na watu wengi kiasi hicho, hata siku ya harusi yangu, na pale watu walikuwa wamekula.

Nimemweleza mke wangu, anayeshona kwenye cherehani ya pili, mdomo umejaa pini kama kawaida yake. Mguu wake ukasimama. Akauliza kama ni kweli litafutwa lote, lote kabisa. Nikamwambia lote, pamoja na Kola Isiyoshindwa. Akasema pole, akaendelea kushona. Nimeguswa. Sikujua anaipenda kola yangu namna ile.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umekamilika. Unaitwa Lulu ya Siku. Kila siku nitachota Ghalani andiko moja bora na kuliweka ukurasa wa mbele, wanachama walione upya.

Kwa kutenda haki, niliazimia kupitia maandiko yote elfu tisa. Nimepitia manne. Matatu kati yake ni yangu. Ubora hauna upendeleo.

Lulu ya kwanza: Kola Isiyoshindwa. Nikaitanguliza kwa maneno “Kama wengi mlivyokuwa mkiuliza.” Hakuna aliyekuwa ameuliza, lakini heshima inaanzia mahali fulani.

Matokeo hadi saa tano: shukrani tatu. Moja yangu. Moja ya muuza vifungo, ambaye hushukuru kila kitu, hata matangazo ya misiba. Moja ya mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya, akaiondoa, akaomba radhi mbele ya watu.

Nikaongeza lulu ya pili: andiko langu kuhusu kufagia vipande vya uzi chini ya cherehani. Kisha ya tatu: picha ya kibao cha duka langu. Mwenyekiti akaniandikia faraghani kuuliza kama hali yangu ni nzuri. Nikamjibu nzuri sana, na kumshukuru kwa kujali.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la Bi Bobini. Ni fundi, ni mwanachama wa Jukwaa, na ni rafiki wa mke wangu, kwa hiyo huniita shemeji, kwa sauti ile muuguzi anayoitia mgonjwa. Dirisha lake linatazamana na langu. Tangu asubuhi nimemwona amevaa miwani, simu mkononi, anasoma. Haandiki chochote. Anasoma tu! Chai yake imepoa mezani. Nikamhurumia.

Jumatano, 5 Juni

Simhurumii tena.

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini zipu ya sketi yake inafanya mawimbi. Kabla watu hawajaanza kubishana kama ada, Bi Bobini akaleta andiko la miaka saba iliyopita, la fundi ambaye hata jina lake tulishalisahau. Akaandika mistari miwili tu: kwamba jibu limo humu, na kwamba aanzie aya ya tatu, maana mbili za mwanzo ni za kulalamikia mvua.

Yule dada akaanzia aya ya tatu. Baada ya saa moja akaleta picha. Zipu imelala kama mtoto aliyeshiba.

Halafu mambo yakazidi. Jukwaa letu lina desturi moja: andiko lako likifufuliwa, au jina lako likitajwa, kengele inalia simuni mwako, ling'i-ling'i. Yule fundi wa zamani ikamlilia. Akarudi Jukwaani baada ya miaka minne. Akaandika kwamba alifikiri hakuna anayemkumbuka, na kwamba sasa macho yamepungua, hashoni, ila leo amejihisi fundi tena. Watu wakamwaga vikatuni vya machozi. Shukrani ishirini na sita kwa zipu moja!

Nimechunguza ujanja wake. Anasubiri mtu mwenye shida, kisha anatafuta andiko linaloifaa shida ile. Basi! Mtu yeyote angeweza. Kinachohitajika ni kusoma tu, siku nzima, na kumfikiria mwenye kuuliza.

Mke wangu akasema, bila kuinua kichwa, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwuliza anamsema nani. Akasema anaisema zipu.

Nimetafakari hadi jioni. Tatizo la Kola Isiyoshindwa si ubora. Tatizo ni kwamba hakuna anayeiuliza. Kwa hiyo lazima mtu aiulize.

Alhamisi, 6 Juni

Leo saa tatu asubuhi amezaliwa Jukwaani mwanachama mpya: Mwanafunzi Mnyenyekevu. Ni mimi.

Akaandika hivi: “Shikamooni mafundi wakubwa. Kola ya shati imenishinda. Je, hakuna bingwa aliyewahi kuandika kuhusu jambo hili, tuseme miaka tisa iliyopita?” Niliona nimelifunika vizuri. Mpango: ningesubiri dakika tano, kisha Mkasi wa Dhahabu angejitokeza na lulu yake.

Dakika ya tatu walikuwa wamejibu mafundi kumi na mmoja. Watu wema sijapata kuona! Mmoja aliniita mwanangu. Mwingine akasema nisikate tamaa, yeye kola yake ya kwanza alilia nayo. Mimi mwenyewe, kwa jina langu, sijawahi kupokelewa hivyo. Nilikaribia kumwonea wivu Mwanafunzi Mnyenyekevu. Wote wakaomba picha ya kola iliyonishinda.

Picha! Sikuwa nimeifikiria. Nikamwomba mke wangu anishonee kola mbovu upesi. Alijaribu, siwezi kumsingizia. Mikono ikakataa. Ikatoka nzuri, akaniomba radhi.

Nikashona mwenyewe. Mbili. Ya kwanza mbovu ya makusudi, imepinda huku na huku, ya kuonyesha shida. Ya pili kwa ustadi wangu wote, kwa kufuata Kola Isiyoshindwa hatua kwa hatua, ya kuonyesha dawa. Nikazipiga picha zote mbili, nikatuma ya kwanza.

Majibu yakaja kama mvua. Fundi mmoja wa miaka thelathini kazini akasema hajaona kola mbovu kama ile. Ncha zimejikunja juu, akasema, kama masikio ya mbwa aliyesikia geti. Muuza vifungo aliuliza kama shati limetafunwa. Yule aliyeniita mwanangu akauliza, kwa upole sana, kama ninashona kwa mikono yote miwili.

Nilicheka peke yangu. Nikatazama tena picha ili nifurahie kazi yangu ya uharibifu.

Nilikuwa nimetuma ya pili.

Ijumaa, 7 Juni

Sikula vizuri. Nimejiambia kwamba tatizo ni mwanga wa picha.

Saa nne Bi Bobini akamjibu Mwanafunzi Mnyenyekevu. Akamwambia asihuzunike, shida yake iliwahi kumpata fundi mwingine miaka tisa iliyopita, ikatibiwa siku hiyo hiyo, asome hapa. Nikafungua.

Swali lilisomeka hivi: “Kola zangu zinajikunja ncha. Nimejaribu kila njia. Mke wangu ana maoni yake, lakini natafuta mtu anayejua.” Chini yake jina la muulizaji. Mkasi wa Dhahabu.

Nilikuwa nimelisahau kabisa! Naapa.

Aliyejibu anaitwa Kidole Tupu. Maneno machache: kola ni vitambaa viwili, cha juu na cha chini. Usivikate sawa. Cha chini kikate kidogo zaidi, kipungue upana wa punje ya mchele kila ukingo, ili cha juu kikigeuka kipate nafasi ya kulala. Na chini ya hapo, shukrani zangu: “Asante sana mzee wangu. Maandishi yako yanaonyesha mwanamume wa makamo, mwenye hekima. Laiti ningekuwa na mtu kama wewe karibu.”

Wiki moja baadaye ndipo nilipoandika Kola Isiyoshindwa. Leo nimeyaweka maandiko yote mawili kando kwa kando. Langu lina kila kitu cha Kidole Tupu, kwa lugha iliyopambwa zaidi. Kinachokosekana ni ile punje ya mchele. Niliiona ni jambo dogo.

Watu mia mbili na kumi na wawili! Wanashona masikio ya mbwa kwa miaka tisa, kwa mkono wangu.

Lakini mbona wateja wangu hawajalalamika? Nikafungua kabati la mashati yaliyokwisha. Kola zote zimelala. Nikamwuliza mke wangu. Akasema huwa anazipitia kidogo kwa pasi mimi nikienda kula. Pasi yetu ni ya ajabu.

Jambo lingine dogo. Bi Bobini alipolifufua lile andiko, simu ya mke wangu ililia juu ya meza ya pasi. Ling'i-ling'i. Dunia ina sadfa nyingi.

Asante zilizohesabiwa mpaka jioni: sabini na nne.

Jumamosi, 8 Juni

Jukwaa zima linamtafuta Kidole Tupu. Bi Bobini amepekua na kupata maandiko yake sitini na matatu, kila moja fupi, kila moja linatibu kitu: pindo, mfuko, tundu la kifungo. Aliandika moja kila wiki kwa mwaka mmoja na ushee, kisha akanyamaza.

Hesabu imekwama themanini na moja. Nimechunguza sababu na nasikitika kuiandika. Wengi wanasema habari ya kola hawahitaji kuisoma, wanaijua, walifundishwa na Mkasi wa Dhahabu. Kwa hiyo kinachoziba mlango wa Ghala ni lulu yangu mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini leo mimi nimeonyeshwa la kwangu kwa kioo.

Mchana nikagundua jambo. Kila mtu akimtaja Kidole Tupu, simu ya mke wangu inalia. Nikafanya jaribio la kisayansi. Nikaandika Jukwaani: “Kidole Tupu.” Ling'i-ling'i. Nikaandika tena. Ling'i-ling'i. Nikaandika “Kidole” peke yake. Kimya. Nikaandika: “Kidole Tupu, ni wewe?”

Ikalia. Mke wangu akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kimto chake cha pini. Zilikuwa saba. Ni muda mrefu sana kwa mume.

Akasema ndiyo.

Nikatazama kidole chake. Hajawahi kuvaa subana, ile kofia ya chuma ya kukinga kidole na sindano. Miaka kumi na mmoja ya ndoa nimekiona kidole hicho kitupu, kina alama ndogo ndogo nchani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwa mdomo. Akasema aliniambia. Mara tatu, wiki ile ile, habari ya punje ya mchele, na mara zote tatu nilimjibu kwamba nitauliza watu wanaojua. Basi naye akaenda kukaa walipo watu wanaojua.

Na kola? Anazifumua na kuzishona upya. Zote. Miaka tisa, mimi nikienda kula.

Nikamwambia bila shaka anaitaka ile nyota. Akasema nyota haimhusu. Kinachomuuma ni yale maandiko sitini na matatu. Ni ya mama yake. Marehemu mama mkwe hakujua kuandika, alifundisha kwa mikono, anakushika kidole anakielekeza. Mwaka aliozikwa, mke wangu aliogopa kusahau, akawa anaandika jambo moja kila wiki na kuliweka Jukwaani mahali ambapo, aliamini, halitapotea. Hana nakala nyingine. Alisema hayo bila kulia, kisha akaanza kutafuta mkasi, na mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Nimeona haya. Nayasema wazi hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mama mkwe alinipenda. Kila nilipokwenda kwake alinipa kiti chenye mgongo na yeye akakalia kigoda. Na nikikumbuka vizuri, alikuwa akiigusa kola yangu, anainyoosha kwa kidole gumba, halafu anamtazama binti yake.

Jumapili, 9 Juni

Duka limefungwa, lakini tuko ndani. Bi Bobini yuko mlangoni kwake, naye kafunga, simu mkononi.

Nimekaa saa tatu nzima kuandika ungamo kwa wale mia mbili na kumi na wawili. Rasimu ya kwanza: “Nilikosea.” Fupi mno, haionyeshi hulka yangu. Rasimu ya nne: “Ndugu mafundi, miaka tisa iliyopita, kwa makusudi ya kupima umakini wenu, niliacha hatua moja.” Hiyo niliipenda. Mke wangu akaisoma begani kwangu. Akaenda dirishani akasimama ananipa mgongo.

Nikafuta. Kidole kiliuma, lakini nikafuta. Nikaandika: “Kola Isiyoshindwa ina kosa, na kosa ni langu. Njia sahihi ni ya Kidole Tupu, iko Ghalani, isomeni kabla ya saa sita. Kidole Tupu ni mke wangu. Na Mwanafunzi Mnyenyekevu ni mimi.” Nikatuma haraka kabla hulka yangu haijaingilia kati.

Kufikia saa nne na nusu nilikuwa nimewataja chini yake wote walioishukuru kola yangu, jina kwa jina. Kengele zikawa zimelia katika simu mia mbili na kumi na mbili.

Matusi yalikuwepo. Mtu mmoja anasema aliivaa kola yangu siku ya kuposa, na akakataliwa. Muuza vifungo akanishukuru. Lakini watu walikwenda Ghalani! Walisoma kola, wakasoma pindo, wakasoma mfuko. Saa tano: themanini na tisa. Saa tano na nusu: tisini na sita. Saa sita kasoro dakika nne: tisini na tisa.

Ikasimama hapo. Mimi nilishabonyeza. Mke wangu naye alishabonyeza, kwa ile zipu. Bi Bobini alikuwa ametoka hadi katikati ya barabara, ananionyesha kidole kimoja juu, moja, moja tu, shemeji! Mke wangu alikuwa amekaa chini, mikono mapajani, hatazami simu.

Ndipo nikakumbuka. Yuko mwanachama mmoja ambaye hajabonyeza!

Mwanafunzi Mnyenyekevu akabonyeza Asante saa sita kasoro dakika mbili. Mia moja.

Mwenyekiti akaandika kwamba ameiona, na kwamba anajua ni nani. Hata hivyo, akasema, kati ya wanafunzi wote wa Kidole Tupu huyo ndiye mwenye deni kubwa zaidi la shukrani, kwa hiyo inahesabiwa. Ghala linabaki. Kufikia saa nane Asante zilikuwa mia na hamsini.

Nyota amepewa Bi Bobini. Mtunza Ghala! Nilidhani katika ungamo langu palikuwa na kitu cha kufikiriwa. Halikufikiriwa. Maandiko sitini na matatu yametengewa rafu yao Ghalani, na juu ya rafu limeandikwa jina la mama mkwe. Mke wangu alilisoma mara kadhaa. Bi Bobini akavuka barabara, wakakumbatiana pale mlangoni, na mimi nikawawekea maji ya chai. Alisema alishamjua Kidole Tupu tangu zamani, kwa kutazama tu kola zinazotoka dukani kwangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mtu mpya. Wiki hii imenifunza mengi, na nitayaandika nikipata nafasi.

Cherehani yangu imeanza kuruka mishono. Mke wangu, bila hata kusimama, akasema sindano imekaa kinyume, niitazame upande bapa. Nikamshukuru kwa maoni yake, nikamwambia nitauliza watu wanaojua.

Nimeuliza Jukwaani, kwa jina langu jipya, Mkasi wa Fedha. Nimejishusha. Dakika nne hazijaisha akajibu mwanachama mpya kabisa, anajiita Mgeni wa Juzi. Anasema nichomoe sindano, niigeuze upande bapa uelekee uliko mkono wa cherehani, niikaze. Nimeigeuza. Inashona kama maji!

Nimemwandikia kwamba maelezo yake yanaonyesha mwanamume mtulivu, mwenye umri na busara, na kwamba laiti tungekuwa jirani. Mke wangu alikuwa ameshika simu, anacheka hadi pini zinamdondoka, na ng'ambo ya barabara Bi Bobini naye anacheka dirishani. Sikuuliza. Wanawake wana mambo yao.

Mchana nimeanza andiko jipya, ili vizazi vijavyo visije kukosa lulu Ghalani. Linaitwa “Sindano Isiyoshindwa”. Limetoka vizuri, kwa lugha iliyopambwa. Nimeacha tu ile habari ya upande bapa. Ni jambo dogo.